Jinsi ya kufuatilia jengo lako la zege linavyoitikia tetemeko: mwongozo kamili kwa wenye majengo Mtwara na Lindi

Ardhi ikitikisika kidogo tu huku kwetu, kesho yake simu inajaa picha za nyufa. Nguzo ya duka Mikindani, ukuta wa darasa huko Lindi, slabu ya juu ya nyumba ya kupangisha Shangani, na swali ni lilelile, "huu ufa umeletwa na tetemeko au ulikuwepo?" Ukimuuliza mtu kipimo cha kabla kiko wapi anakuwa hana, ana picha moja aliyopiga mbiombio, haina rula, haina tarehe, huwezi hata kujua ni ukuta gani. Picha ya hivo haimsaidii mwenye jengo wala injinia.

Kazi hii haifanyiki siku ya tetemeko, inafanyika siku ya kawaida kabisa ambayo hakuna kilichotikisika. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto, uzito wa leo peke yake haukwambii kitu mpaka uuone wa mwezi uliopita. Usipokuwa na kipimo cha awali hata ukinunua kifaa cha bei mbaya hakitakusaidia, na hapo ndo wengi mnapokwama.

Kwa wale wanaosema huku kwetu hakuna tetemeko: baharini mbele ya pwani yetu hii ya kusini kuna mipasuko ya ardhi ambayo bado ina uhai, ile ya Kerimba na ya Davie, na usiku wa 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar likawatoa watu kwenye maghorofa. Bukoba 10 Septemba 2016 lilikuwa la 5.9 na watu walikufa. Inatosha, twende kazini.

Mwongozo huu ni wa jengo la zege lenye nguzo, bimu na slabu, kuta za tofali za bloku, sakafu 2 mpaka 5. Nyumba za tope na yale majengo ya zamani ya mawe na chokaa ya Mikindani yana tabia nyingine kabisa, usitumie namba za humu kwenye hayo.

## Vifaa

Vya lazima, na vingi utavipata duka lolote la vifaa vya ujenzi:

- Kaunta buku la kwaya 2 na penseli. Wino unafutika ukilowa, penseli haifutiki.
- Maka peni ya kudumu, rula ya chuma yenye milimita, na tepu ya mita 5
- Venia kalipa (kifaa cha mkono cha kupimia umbali mdogo), hata ile ya plastiki, ila isome angalau sehemu ya kumi ya milimita
- Skrubu ndogo za chuma kisichoshika kutu na gundi ya epoksi ya kuchanganya
- Jipsamu kidogo
- Timazi yenye uzito wa kutosha na kamba ndefu kuliko jengo lako
- Mpira wa leveli, ule mweupe unaoona maji ndani
- Ndoo, tochi, pima maji
- Simu yenye kamera nzuri

Vya ziada kama unataka kurekodi mtikisiko wenyewe: simu za zamani zinazowaka vizuri, au vifaa maalum ambavyo nitavieleza hatua ya 5. Kama huna hela ya hivo vya ziada usikate tamaa, hatua ya 1 mpaka 4 peke yake zitakuweka mbele ya majengo karibu yote ya mji.

## Hatua ya 1: Chora jengo na upe kila nguzo jina

Chora ramani ya kila sakafu, hata kwa mkono. Mistari ya nguzo ya upande mmoja iite A, B, C, upande mwingine 1, 2, 3. Nguzo ya kona inakuwa A1, inayofuata A2. Sakafu ya chini iite S0, ya juu yake S1, na kuendelea. Andika kaskazini iko wapi.

Sababu ni kwamba "ule ufa wa karibu na ngazi" baada ya miaka miwili hakuna atakayejua ni upi, hasa kama mlinzi ameshabadilishwa na wapangaji wameshahama. Ukiandika S1-B2 hata mtu mgeni anafika pale pale. Umefaulu kama unaweza kumpa mtu daftari akaenda mwenyewe mpaka kwenye ufa bila kukupigia simu.

## Hatua ya 2: Andika nyufa zote zilizopo sasa, hata zile unazoona hazina maana

Zunguka jengo zima na tochi. Mulika ukutani kwa ubavu, tochi iwe karibu imelala kwenye ukuta, nyufa nyembamba zitajitokeza zenyewe. Kila ufa piga picha mbili, moja ya mbali inayoonyesha uko wapi na moja ya karibu yenye rula pembeni na karatasi imeandikwa namba ya ufa na tarehe. Weka maka kwenye ncha zote mbili za ufa na tarehe ndogo pembeni, ili ukirefuka uone.

Picha usizitegemee za WhatsApp, inazibana na kuzifutia taarifa za tarehe, ukitaka kumtumia mtu tuma kama faili. Za asili zihifadhi kwenye flashi.

Sasa tenganisha nyufa kwa sababu zake, hapa ndo watu wa pwani tunachanganya sana:

Nyufa za kutu. Zinafuata mstari wa nondo, zinapanda wima kwenye nguzo au zinalala chini ya bimu, mara nyingi na doa la kahawia. Hewa ya chumvi inafanya hivi, na mchanga wa bahari usiooshwa unafanya mapema zaidi. Tetemeko halikuzileta ila likija litazikuta, na nguzo iliyoliwa na kutu haina nguvu ile iliyoandikwa kwenye mchoro.

Nyufa za plasta. Zimetapakaa kama ramani, hazina mwelekeo. Gonga, ukisikia sauti ya uwazi ndani ujue plasta imeachia.

Nyufa za msingi kutitia. Zinakwenda mshazari upande mmoja, pana juu au pana chini, mara nyingi zinabadilika kufuatana na masika na kiangazi.

Nyufa za kuungana kwa ukuta na zege. Mstari ulionyooka pale tofali zinapokutana na bimu au nguzo. Hizi ziandike kwa makini zaidi kuliko zote, mana kwenye mtikisiko ndo huwa za kwanza kufunguka, zege linakwenda lake na ukuta unakwenda wake.

Nyufa za mtikisiko. Mshazari pande zote mbili mpaka zinachora X, ukutani au mbaya zaidi kwenye nguzo yenyewe, hasa nguzo fupi, ile ambayo ukuta umeishia nusu yake kwa ajili ya dirisha refu. Madarasa mengi yana nguzo za namna hii.

## Hatua ya 3: Funga alama za kupimia, pembe tatu

Chagua nyufa 5 mpaka 10 muhimu, za kwenye nguzo, bimu, jointi ya nguzo na bimu, na kuta za sakafu ya chini. Usichague 40, utachoka mwezi wa pili.

Bandua plasta kipande kidogo pande zote za ufa mpaka uone zege au tofali lenyewe. Sababu: plasta ina maisha yake, inaweza kuachia na kusogea wakati zege limetulia, alafu ukaanza kupiga kelele bure. Bandua plasta tu, zege usiliguse.

Alafu gundisha skrubu tatu kwa epoksi. Tuseme ufa umesimama wima. Upande wa kushoto weka mbili, A juu na B chini, ziachane kama sentimita 10. Upande wa kulia weka moja, C, katikati ya urefu wa A na B. Subiri gundi ikauke kabisa, siku nzima, ndo upime kwa kalipa AB, AC na BC. Kila moja pima mara tatu uandike ya katikati.

Kwanini tatu na sio mbili kama wengi wanavyofanya? Mbili zinakwambia ufa umefunguka tu. Tatu zinakwambia umefanya nini. AC na BC zikiongezeka zote, ufa umefunguka. AC ikiongezeka na BC ikapungua, upande wa kulia umeteleza kushuka, na kuteleza baada ya tetemeko kunatisha zaidi ya kufunguka mana ina maana kipande kimekatika na kinasogea juu ya kingine. AB yenyewe haitakiwi kubadilika kabisa, zote mbili ziko upande mmoja, ikibadilika ujue skrubu imelegea au mpimaji kakosea, rudia.

Pembeni yake paka ukanda mwembamba wa jipsamu kukatiza ufa, unene wa milimita 2 au 3, andika tarehe. Huo ni wa mlinzi na wapangaji, hawahitaji kalipa, ukikatika wanakupigia simu. Usipake saruji nene, inashika sana na inaweza kuuficha mwendo.

Tahadhari ya muda: pima saa moja asubuhi kabla jua halijapanda, siku zote muda ule ule. Zege linatanuka kama sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, yani slabu ya mita 10 ikipanda nyuzi 10 inarefuka milimita 1 nzima. Jua letu la saa nane mchana juu ya slabu isiyo na paa linafungua na kufunga nyufa za chini yake bila tetemeko lolote. Ukipima leo asubuhi na kesho mchana umejidanganya.

Umefaulu kama vipimo vya wiki mbili mfululizo, muda ule ule, havipishani zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita. Hapo kipimo chako cha awali kimesimama.

## Hatua ya 4: Pima kuinama na kutitia

Timazi: ning'iniza kutoka ukingo wa juu kwenye kona mbili za jengo, pande zote mbili za kila kona. Upepo wa kusi utaichezesha mpaka ukate tamaa, kwahiyo fanya alfajiri na uzamishe uzito wa timazi ndani ya ndoo ya maji, itatulia. Pima umbali wa kamba na ukuta juu na chini, andika tofauti. Hakikisha unapima kutoka sehemu ya zege sio uvimbe wa plasta, na weka alama ya maka pale ulipopima ili kesho urudi hapo hapo.

Mpira wa leveli: weka alama ya rejea kwenye nguzo zote za sakafu ya chini, kimo kimoja. Jaza mpira maji na utoe mapovu yote ndani yake, povu moja linaharibu kazi yote. Ukifanya vizuri utapata usahihi wa milimita 2 au 3, inatosha kuona nguzo iliyozama.

Jengo kuinama kidogo tangu ujenzi ni kawaida, fundi hakupiga timazi sawasawa, usishtuke. Unachotafuta ni mabadiliko.

## Hatua ya 5: Weka kifaa cha kurekodi mtikisiko

Hapa ndo tunaingia kwenye jengo lenyewe linavyocheza. Ndani ya kila simu kuna kitambuzi cha mchapuko (yani jinsi kasi inavyobadilika), kile kinachojua simu imegeuzwa. Programu ya bure kama phyphox, iliyotengenezwa chuo kikuu cha RWTH Aachen Ujerumani, inakuonyesha namba zake na kukutolea faili la kufungua kwenye Excel.

Ila ujue mipaka yake. Jengo lililotulia linatetemeka muda wote kwa upepo, mawimbi, na malori ya korosho msimu ukifika yakielekea bandarini, lakini mtetemo huo ni mdogo mno, simu nyingi hazioni, zinakupa mstari mnene wa fujo yake yenyewe, yani mtetemo wa uongo unaotoka ndani ya kifaa. Simu inafaa kwa mtikisiko ambao mtu anausikia. Vile vitambuzi rahisi vya kuunga mwenyewe kama MPU6050 navyo ni hivo hivo, fujo yake ukiipima kwenye upana wa hezi 20 (hezi ni mara kwa sekunde) inafika kama 0.018 m/s². Kitambuzi cha ADXL355 kiko kama 0.001, tofauti ni kubwa sana na bei nayo inapanda. Kuna kifaa kilichokamilika kinaitwa Raspberry Shake 4D, hicho kinasikia hata mtetemo mdogo ila wa juu-chini tu, mtetemo mdogo wa ubavu unasikiwa na kile cha 3D. Kwa shule au hospitali ningeshauri mchange mpate kizuri kimoja kuliko vibovu vitano.

Wapi pa kuweka. Kimoja sakafu ya chini kabisa pembeni ya nguzo, kimoja sakafu ya juu juu ya nguzo hiyo hiyo, na kama una cha tatu kiweke sakafu ya juu kona ya mbali. Cha chini kinakwambia ardhi imefanya nini, cha juu jengo limefanya nini, bila cha chini huwezi kujua jengo limecheza sana au ardhi ndo ilitikisika sana. Cha tatu kinaonyesha kama jengo linajinyonga, kona moja inakwenda kuliko nyingine, kitu cha kawaida kwa majengo yenye ukuta mzito nyuma na vioo vya maduka mbele.

Majengo ya hivo, chini maduka wazi na juu vyumba vyenye kuta, yawekeni mbele kwenye foleni. Imperial County Services Building huko El Centro, California, sakafu 6 za zege, lilikuwa limefungwa vifaa vya chaneli 13 pale tetemeko la 15 Oktoba 1979 lilipokuja. Kuta za zege za mwisho wa jengo juu hazikushuka mpaka chini sawasawa, nguzo za sakafu ya chini upande wa mashariki zikapondeka, jengo likaishia kubomolewa. Rekodi zake zimefundisha mainjinia wengi, na umbo lake utalikuta kwenye barabara kuu ya mji wowote wa kwetu.

Namna ya kufunga. Gundisha au funga kwa skrubu kwenye slabu yenyewe. Sio juu ya meza, sio kwenye kapeti, sio kwenye tailizi inayolia ukiikanyaga, sio katikati ya slabu ambako inadunda yenyewe mtu akipita. Kaa mbali na pampu ya maji, jenereta na friji. Mshale wa X wa vifaa vyote uelekee upande mrefu wa jengo, uchore mshale sakafuni kwa maka, mana kimoja kikigeuzwa huwezi kulinganisha tena.

Mipangilio. Rekodi angalau mara 100 kwa sekunde. Saa zijirekebishe kwa mtandao. Kama kifaa kinasubiri mtikisiko ndo kihifadhi, kiwashe kwa kiwango cha angalau mara tano ya fujo yake na kihifadhi sekunde 30 za kabla na 60 za baada, mana wimbi la kwanza la tetemeko ni dhaifu na lile linaloamsha kifaa ni la pili, usipohifadhi za kabla umekosa mwanzo wote.

Boksi liwe limezibwa vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu ndani, chumvi ya hapa inakula saketi haraka. Umeme ukikatika kiwe na betri. Kila mwezi piga ngumi sakafuni pembeni yake uone kama kimeandika, hapo umejua kiko hai.

## Hatua ya 6: Jua mdundo wa kawaida wa jengo lako

Kila jengo lina mdundo wake, idadi ya mara linazoyumba kwa sekunde. Kwa kukadiria gawa 10 kwa idadi ya sakafu, sakafu 4 inakupa hezi 2.5. Kanuni ya Eurocode 8, ile ya Ulaya ya majengo ya kuhimili tetemeko, kwa fremu ya zege ya mita 12 inakupa kama hezi 2.1. Jengo letu lenye kuta nyingi za bloku litasoma juu zaidi ya hapo, kuta zinalikaza, kwahiyo ukipata 3 au 4 usidhani kifaa kimeharibika.

Ukiwa na kifaa kizuri rekodi dakika 15 usiku wa manane, tengeneza mchoro wa masafa kwenye programu, yani unaoonyesha kila mdundo una nguvu kiasi gani, kilele cha kwanza kirefu kinachoonekana juu na hakionekani chini ndo mdundo wenyewe. Fanya upande mrefu na mfupi tofauti. Rudia siku yenye mvua na siku kavu, utaona namba inacheza asilimia chache, hiyo ni tabia, iandike. Wenye simu tu wataipata namba hii kwenye mtikisiko wa kwanza mdogo, nayo itakuwa ndo kipimo chao cha awali.

## Hatua ya 7: Ratiba

Nyufa kila mwezi, timazi na leveli mara mbili kwa mwaka, kabla masika hayajaanza na baada ya kuisha. Na baada ya kimbunga kama cha Kenneth cha Aprili 2019 pima vilevile, ili maji na upepo visije vikahesabiwa kwa tetemeko.

## Hatua ya 8: Siku ardhi ikitikisika

Kwanza watu, vipimo baadae. Ikitikisika usikimbilie ngazi, inama, jikinge chini ya meza imara, shikilia. Ikitulia tokeni, zimeni jiko la gesi na swichi kubwa ya umeme. Na sisi ni watu wa pwani, mtikisiko ukiwa mkali au ukidumu zaidi ya sekunde 20 usisubiri tangazo, pandeni sehemu za juu mbali na ufukwe. Tsunami ya Desemba 2004 ilitoka Sumatra ikafika mpaka pwani ya Tanzania.

Mkiwa salama nje, andika saa kamili na waulize watu wa sakafu tofauti wakati bado wanakumbuka:

"Shikamoo mama, ulikuwa juu?"
"Marahaba mwanangu, nilikuwa jikoni."
"Ndoo ya maji ilicheza tu au ilimwagika?"
"Ilimwagika upande wa dirishani."

Upande wa dirishani, hilo neno liandike, limekwambia mwelekeo. Taa zilizoning'inia, vyombo vilivyodondoka, milango iliyogoma kufunguka, yote andika.

Zunguka nje kwanza. Ukiona nondo imechungulia au imepinda, zege la nguzo limepondeka, X kwenye nguzo, au sakafu moja imelala upande, mtu asiingie tena hata kuchukua simu. Mitetemo ya kufuatia huwa inakuja, na ndo inayomalizia jengo lililokwisha umia.

Kama hakuna hayo, ingieni wawili, mmoja anapima mmoja anaangalia juu, mpime alama zote za hatua ya 3 na 4. Asubuhi inayofuata saa moja pimeni tena, hiyo ndo namba ya kulinganisha.

Ukitafuta taarifa rasmi, GST ya Dodoma ndo taasisi yetu ya jiolojia, na orodha ya matetemeko ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, iko mtandaoni ila saa zake ongeza 3, wakiandika 17:10 kwetu ni saa mbili na dakika kumi usiku. Linganisha saa hiyo na ya rekodi yako, usije ukadhani lori ndo lilikuwa tetemeko.

## Hatua ya 9: Soma rekodi

Fungua faili la juu na la chini pamoja. Nenda kwenye mkia, pale ardhi imeshatulia lakini jengo bado linayumba na mawimbi yanapungua taratibu. Mkia ni mfupi, jengo la zege linajituliza haraka, mawimbi manne tu yanatosha kushuka nusu. Hesabu kutoka kilele mpaka kilele. Tuseme umepata mawimbi 8 ndani ya sekunde 2.5, gawa, hezi 3.2.

Kabla ilikuwa 3.5. Imeshuka kama asilimia 9. Usiseme ni kidogo, mana ugumu wa jengo unakwenda kwa mraba wa namba hiyo: 3.2 gawa kwa 3.5 ni 0.914, zidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 0.84, yani ugumu umepungua kama asilimia 16. Huo upungufu uko mahali fulani ndani ya jengo, aidha kwenye kuta zilizoachana na fremu au kwenye zege lililopasuka, na alama zako za nyufa ndo zitakwambia wapi.

Lakini usikimbilie kulia. Wakati wa kutikiswa kwa nguvu mdundo hushuka kwa muda alafu unarudi, kwahiyo linganisha vitu vinavyolingana, mtikisiko mdogo na mdogo mwenzake, usiku na usiku. Jengo la Millikan Library pale Caltech, chuo cha California, zege, sakafu 9, limefuatiliwa tangu miaka ya 1960 na mdundo wake upande wa mashariki-magharibi umeshuka zaidi ya asilimia 20 bila jengo kupata madhara makubwa, na mvua kubwa pekee inaugusa. Ndo mana namba peke yake haitoshi, lazima isimame na nyufa, timazi na leveli.

Kujua jengo lilisogea kiasi gani: chukua mchapuko wa juu uliobaki baada ya kutoa wa chini, gawa kwa 40, alafu gawa kwa mdundo mara mdundo. 0.6 m/s² kwa hezi 3.2 inakupa kama milimita 1.5 kileleni. Eurocode 8 kwa majengo yenye kuta zinazovunjika kirahisi inaweka ukomo wa nusu asilimia ya kimo cha sakafu, sakafu ya mita 3 ni milimita 15, sasa unaona uko mbali au karibu. Hii ni hesabu ya kukadiria, na kutoa juu kwa chini kunahitaji saa za vifaa zisipishane hata sehemu ya mia ya sekunde. Simu zenu zikipishana, acha kutoa, linganisha vilele tu. Na msijaribu zile programu zinazobadili mchapuko kuwa umbali kwa kujumlisha mara mbili, kwa kifaa rahisi kosa dogo linakua mpaka jengo linaonekana limehama mita tatu.

## Hatua ya 10: Nani aitwe na umpe nini

Kama skrubu hazijabadilika zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita, jipsamu ni nzima na mdundo umerudi, endelea kutumia jengo na upime kila wiki kwa mwezi mmoja.

Kama ufa wa ukuta umefunguka, au mdundo umebaki chini kwa zaidi ya asilimia 10, au leveli imeonyesha nguzo moja imeshuka, ita injinia wa majengo aliyesajiliwa ERB, bodi ya usajili wa mainjinia, na hivo vyumba visitumike kwanza. Ufa mpya mshazari kwenye nguzo au jointi hata wa nusu milimita, watu watoke kwanza ndo umpigie. Usimwite fundi wa plasta. Nimeona nguzo yenye X imepakwa lipu na rangi ndani ya wiki, na injinia alipokuja hakukuwa na cha kuona, ikabidi ibanduliwe upya na wapangaji wamesharudi ndani.

Injinia akifika mpe ramani ya hatua ya 1, daftari, flashi ya picha za asili na faili za vifaa bila kuzirekebisha, hata zile unazoona zina makosa. Mwambie pia vitu visivyoonekana: sakafu iliyoongezwa juu baada ya ramani kupitishwa, tenki la maji lililopandishwa, ukuta uliobomolewa kupanua duka. Alafu andika kwenye kaunta buku namba yake ya usajili, alichokagua, alichosema kwa maneno yake mwenyewe na tarehe ya kurudi kuangalia tena, na muombe asaini.